Kuteremsha maji kutoka tangi la samaki hadi sampu bila kutoboa kioo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mfugaji wa samaki wa mapambo ambaye tangi lake limeshasimama, lina maji na samaki, na sasa anataka kuliongezea sampu, yaani tangi la pili la chini linalobeba vichujio, hita na pampu. Njia iliyozoeleka ni kutoboa kioo. Hapa tunamsaidia asiyeweza kutoboa. Majibu ni marefu pale ambapo kosa linaweza kuijaza sebule maji, na ni mafupi pale ambapo kosa halina gharama kubwa.

Kwa nini nisitoboe tu?

Kama tangi ni tupu na kioo ni cha kawaida, toboa. Tundu lililo juu ya kioo cha nyuma halitegemei sifoni, yaani mrija uliojaa maji unaoyavusha juu ya ukingo na kuyashusha upande wa pili, halihitaji kuanzishwa, na umeme ukienda na kurudi mara ishirini kwa siku lenyewe halina habari. Fundi wa vioo mwenye kichwa cha drili cha almasi, anayetoboa polepole huku akimwagia maji, hulimaliza kwa muda mfupi.

Shida ni kwamba si kila kioo kinatoboka. Kioo cha tempa, kilichopashwa moto kiwandani na kupozwa ghafla, hakikubali drili: kikiguswa husambaratika chote vipande vidogo vidogo. Matangi mengi ya kiwandani yana kioo cha tempa chini, na mengine hadi ubavuni. Kuna namna ya kupima nyumbani. Weka simu au kompyuta yenye ukurasa mweupe upande mmoja wa kioo, vaa miwani ya jua yenye lenzi za polaraizi, tazama kutoka upande wa pili, kisha uinamishe kichwa taratibu. Ukiona mabaka au mistari ya kivuli ikitokea ndani ya kioo, hicho ni tempa. Usikiguse.

Na wapo ambao tangi lina lita 300 na samaki waliokwisha kuzoea, au nyumba ni ya kupanga na tangi ni la mtu mwingine. Kwa hao wote, endeleeni kusoma.

Si ningeshusha tu mpira kutoka juu hadi chini, halafu pampu irudishe maji?

Hapana, na hili ndilo kosa linalomwaga maji mengi kuliko mengine yote. Mpira uliojaa maji na uliozamishwa ndani ya tangi hufanya kazi kama ule wa kunyonya dizeli kwenye pipa: ukishaanza hausimami mpaka mdomo wake wa juu upate hewa. Pampu ikizimika, mpira hauna habari. Utaendelea kushusha maji hadi yafike usawa wa mdomo wake, na sampu yenye lita 60 haiwezi kupokea lita 200.

Hata umeme ukiwapo, kasi ya mpira na kasi ya pampu hazitalingana kamwe. Kufungia koki kidogo ili "zilingane" ni kujidanganya, kwa sababu uchafu kidogo ndani ya mpira hubadilisha hesabu nzima.

Na nikitumia pampu mbili, moja ya kushusha na nyingine ya kupandisha?

Jibu ni lile lile. Chukua pampu mbili za lita 1,000 kwa saa zinazotofautiana kwa asilimia moja tu. Hiyo ni tofauti ya lita 10 kila saa, na kwa usiku wa saa nane ni lita 80 zilizohama upande mmoja. Hakuna pampu mbili zinazofanana kiasi hicho, na hata zingefanana leo, moja itashika uchafu kabla ya nyenzake.

Kanuni ni hii: pampu iwe moja, na iwe ya kupandisha. Maji yashuke kwa uzito wake, tena yashuke yale tu yaliyozidi usawa fulani. Pampu ikipandisha kidogo, kidogo ndicho kinachoshuka. Ikisimama, kushuka kunasimama.

Basi kifaa cha kufanya hivyo kikoje?

Ni visanduku viwili vinavyoning'inia kwenye ukingo wa tangi, kimoja ndani na kimoja nje, vikiunganishwa na mrija uliopinda kama herufi U iliyogeuzwa. Kisanduku cha ndani kina meno juu. Maji ya tangi yakipanda yanavuka meno na kudondokea ndani yake. Mrija wa U unayavusha juu ya ukingo wa kioo hadi kisanduku cha nje, ambacho kina bomba la wima linaloelekea sampu.

Sehemu ya sifoni ni huo mrija wa U peke yake. Nao haunyonyi kutoka ndani ya tangi, unanyonya kutoka kwenye kisanduku kidogo. Hilo ndilo linaloutofautisha na mpira wa swali lililopita: hata unyonye vipi, hauwezi kushusha maji ya tangi chini ya usawa wa meno.

Umeme ukikatika, kwa nini sifoni haikatiki?

Kwa sababu ya urefu wa lile bomba la wima katika kisanduku cha nje. Huu ndio moyo wa kifaa chote, na ukiuelewa utaweza kukikagua chochote kinachouzwa dukani au kilichotengenezwa na fundi.

Pampu ikisimama, maji ya tangi yanashuka hadi meno na kutulia. Maji yaliyobaki katika visanduku viwili yanaendelea kuvuka kupitia mrija hadi yalingane na mdomo wa bomba la wima. Hapo hayana pa kwenda. Ikiwa ncha zote mbili za mrija wa U ziko chini ya usawa huo, zinabaki zimezama, hewa haiingii, na mrija unabaki umejaa maji ukisubiri. Umeme ukirudi, pampu inapandisha maji, yanavuka meno, na mrija unaendelea na kazi bila kuguswa.

Kwa hiyo pima vitu vitatu. Mdomo wa bomba la wima uwe chini kidogo ya meno, ili maji yapate mteremko. Sentimita 3 hadi 5 zinatosha. Ncha ya mrija iliyo ndani iwe chini ya mdomo huo kwa sentimita kadhaa. Na ncha ya nje iwe vivyo hivyo. Ikiwa ncha moja iko juu ya usawa wa bomba la wima, hata kwa sentimita moja, kifaa hicho kitakatika kila umeme unapokatika. Usikinunue.

Bomba la wima likiwa fupi mno, dawa ni rahisi: ongeza kipande cha bomba juu yake.

Nasikia watu wakisema visanduku hivi si salama. Wana haki?

Wana haki ya kuogopa. Sifoni yoyote inaweza kukatika. Kiputo cha hewa kimoja baada ya kingine hukusanyika juu ya mrija, konokono hukwama, jani huziba meno. Hapo maji hayashuki tena lakini pampu bado inapandisha, na kinachofuata ni maji kufurika kutoka tangi la juu.

Ninachosisitiza kwa kila anayeniuliza ni kwamba usipange kana kwamba sifoni haitakatika. Panga kana kwamba itakatika usiku wa leo ukiwa umelala, kisha hakikisha maji yana mahali pa kukaa. Hiyo ni hesabu ya kuzidisha na kugawanya, na ifanyike kabla hujanunua hata elbo moja, yaani kiungo cha kona cha bomba.

Tuchukue tangi la sentimita 120 kwa 45. Eneo lake ni sentimita 5,400 za mraba, kwa hiyo kila sentimita moja ya kina ni lita 5.4. Pampu ya kurudisha maji iko kwenye chumba cha mwisho cha sampu, na sifoni ikikatika pampu itapandisha maji ya chumba hicho tu, kwa sababu vioo vya kugawa vinazuia yaliyobaki. Tuseme chumba ni sentimita 30 kwa 40 na maji yake yana kina cha sentimita 15. Pampu inaanza kunyonya hewa yakibaki sentimita 5. Yatakayopanda ni ya sentimita 10, yaani lita 12. Gawanya kwa 5.4: tangi la juu litapanda kwa sentimita 2.2. Kama kuna nafasi ya sentimita 4 kati ya uso wa maji na ukingo wa kioo, hakuna tone litakalomwagika. Utaamka usikie pampu ikinguruma kwa kukosa maji, na hilo ndilo tatizo lako lote.

Sasa badilisha chumba kiwe sentimita 40 kwa 40, chenye maji ya kina cha sentimita 25. Yatakayopanda ni lita 32, na tangi la juu lina nafasi ya lita 21.6. Lita 10 zitaishia sakafuni. Kifaa ni kile kile, sifoni ni ile ile. Kilichobadilika ni ukubwa wa chumba cha pampu. Kipunguze kwa kusogeza kioo cha kugawa, au inua pampu juu ya kipande cha tofali safi ili iache kunyonya mapema.

Onyo moja kwa wenye kifaa kinachoongeza maji chenyewe kufidia yanayokauka. Sifoni ikikatika, chumba cha pampu kinashuka, na kifaa kitadhani maji yamekauka. Kitaongeza, pampu itapandisha, kitaongeza tena. Hesabu yako yote imevunjika. Ndoo ya akiba iwe ndogo, na maji yake uyajumlishe kwenye hesabu.

Na upande wa pili: umeme ukikatika, sampu haitafurika?

Inaweza, na hapa mkosaji huwa bomba la kurudishia maji, ambalo watu hawalifikirii. Pampu ikizimika, bomba hilo linageuka sifoni na kurudisha maji chini kupitia pampu hiyo hiyo. Litaendelea hadi mdomo wake ndani ya tangi upate hewa.

Kwa tangi letu la mfano, mdomo ukiwa sentimita 20 chini ya uso wa maji, zitashuka lita 108. Sampu ya sentimita 80 kwa 40 yenye nafasi ya sentimita 15 juu ya vioo vya kugawa ina uwezo wa lita 48 tu. Mdomo huo huo ukiusogeza uwe sentimita 1 chini ya uso wa maji, lita zinazorudi kwa njia hiyo ni kama 5. Yanayoshuka kupitia meno, ikiwa maji hukimbia sentimita 1.5 juu ya meno, yanafikisha jumla yote lita 8. Ongeza yaliyomo ndani ya mabomba, lita moja hadi mbili. Sampu inayapokea bila shida.

Kwa hiyo weka mdomo karibu na uso wa maji, au toboa tundu la milimita 4 au 5 kwenye bomba la kurudishia, chini kidogo ya uso wa maji. Uso ukishuka, tundu linavuta hewa na sifoni inakatika. Hii ni sifoni tunayotaka ikatike. Tundu hilo huota mwani na konokono wadogo hupenda kuingia humo. Lisafishe kwa kijiti cha meno kila unapobadilisha maji.

Kisha chora mstari kwenye sampu kwa kalamu ya wino usiofutika: kiwango cha juu cha maji pampu ikiwa inafanya kazi. Usijaze kupita hapo, na usiongeze maji kamwe pampu ikiwa imezima, maana wakati huo sampu inaonyesha kiwango kingine kabisa.

Valvu ya njia moja haitoshi kuzuia hayo?

Haitoshi. Chembe moja ya mchanga au ukoko wa chokaa kwenye kiti cha valvu inatosha kuifanya ivuje, na inavuja usiku kucha. Ukitaka iweke ili kupunguza maji yanayorudi, lakini hesabu ya nafasi ya sampu ifanye kana kwamba haipo.

Viputo vya hewa vinatoka wapi, na nivizuie vipi?

Vingine vinaingia na maji yanayodondoka kwenye meno. Vingine vinazaliwa ndani ya mrija wenyewe: maji yaliyo juu ya ukingo yana shinikizo dogo kuliko hewa ya nje, na gesi iliyoyeyuka hutoka taratibu. Swali ni kama maji yana kasi ya kuvisukuma vitoke upande wa pili. Maji yakienda polepole, viputo hupanda na kukaa juu ya mpindo, vinaungana, na siku moja mfuko wa hewa unakata mrija.

Hivyo tatizo mara nyingi ni mrija mkubwa mno. Watu hufikiri mrija mnene ni usalama zaidi. Tazama hesabu ya lita 1,000 kwa saa: mrija wenye uwazi wa milimita 25 unapitisha maji kwa kasi ya kama sentimita 57 kwa sekunde. Mrija wa milimita 40 kwa maji yale yale ni sentimita 22 tu. Mimi hulenga nusu mita kwa sekunde au zaidi, na nikiwa chini ya hapo hupunguza mrija kabla ya kuongeza pampu.

Mrija uwe wa plastiki inayoonyesha ndani. Mwani utaota, ndiyo, lakini utaviona viputo. Ukiufunika kwa kitambaa cheusi kinachotoka kwa urahisi umepata yote mawili.

Je, mirija miwili ni salama kuliko mmoja?

Kama pampu ni kubwa, ndiyo. Mmoja ukikatika, mwingine unabeba mzigo, mradi kila mmoja unaweza kupitisha maji yote ya pampu peke yake. Lakini kumbuka kwamba mirija miwili inagawana maji, na kasi katika kila mmoja inakuwa nusu. Kwa pampu ndogo, kuongeza mrija wa pili kunaweza kusababisha yote miwili ikusanye hewa. Pampu ya chini ya lita 1,500 kwa saa, ningebaki na mrija mmoja wa milimita 25 na kuongeza swichi ya boya.

Swichi ya boya niiweke wapi?

Mahali pawili. Ya kwanza ndani ya tangi la juu, sentimita moja juu ya usawa wa kawaida: maji yakipanda, inakata pampu. Ya pili ndani ya chumba cha pampu, juu kidogo ya usawa ambao pampu hunyonya hewa: maji yakishuka, inakata pampu. Ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu inalinda sakafu na pampu kwa pamoja. Ukiweza moja tu, chukua hiyo.

Boya dogo la akwariamu halijatengenezwa kubeba umeme wa volti 230. Liunganishe kwa volti 12 na rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme huo mdogo, ndiyo ikate pampu. Kazi hiyo ifanywe na fundi umeme.

Siwezi kupata visanduku dukani. Nitumie mabomba ya PVC?

Inawezekana, na vifaa vyote viko kwenye duka lolote la mabomba: bomba la inchi moja au robo tatu, elbo, tii (kiungo cha njia tatu), kofia, gundi.

Anza ndani ya tangi. Mdomo wa kuingilia unatazama juu, ukiwa umekatwa meno, kwenye usawa unaotaka maji yasimame. Kutoka hapo bomba linashuka sentimita 15 hivi, linageuka kwa elbo mbili na kupanda moja kwa moja kupita juu ya ukingo wa kioo. Nje linashuka tena kiasi hicho au zaidi, linageuka, na kupanda hadi kwenye tii. Mkono wa juu wa tii uache wazi upumue. Mkono wa pembeni unaelekea chini hadi sampu.

Ile tii inafanya kazi ya bomba la wima la visanduku. Iwe chini kidogo ya mdomo wa kuingilia, na juu ya kitako cha mpindo wa ndani kwa sentimita kadhaa. Ikishuka chini ya kitako hicho, umeme ukikatika maji ya ndani yatanyonywa yote na hewa itaingia. Kabla ya kupaka gundi, unganisha vyote vikavu na ujaribu. Upande wa tii hadi sampu unaweza kuvumilia kuvuja kidogo. Sehemu iliyo juu ya ukingo haivumilii hata tundu la sindano, kwani haitoi maji, inavuta hewa, na hutaona tone lolote la kukuonya. Hiyo ipakwe gundi vizuri.

Juu kabisa ya mpindo toboa tundu dogo, ubandike kipande cha mpira mwembamba wa pampu ya hewa chenye koki. Hapo ndipo utakapotolea hewa. Wengine huunganisha mpira huo na tundu la kunyonya hewa la pampu ndogo iliyozama ndani ya tangi, ili hewa inyonywe muda wote. Ni wazo zuri sana, mradi pampu hiyo iko chini ya maji daima: ikizimika, mpira utavuta maji badala ya hewa.

Nianzishe sifoni kwa mdomo?

Usifanye hivyo. Maji ya tangi yana bakteria ambao hawafai kinywani. Tumia bomba la sindano kubwa, la mililita 50 au 60, kuvuta hewa kupitia koki ya juu. Kwa mrija wa U wa visanduku, pitisha mpira mwembamba hadi juu ya mpindo, jaza visanduku vyote viwili maji, vuta hewa hadi mrija ujae, kisha uchomoe mpira ukiwa bado unavuta.

Niko Nairobi. Mwinuko unaathiri sifoni?

Kwa kipimo hiki, hapana. Usawa wa bahari sifoni inaweza kuinua maji karibu mita 10. Nairobi, iliyo karibu mita 1,800 juu, ni kama mita 8. Mrija wako unainua sentimita 20.

Samaki wadogo watapita kwenye meno?

Watapita. Wafugaji wa samaki wa Ziwa Tanganyika wanalijua hili vizuri: spishi inayoishi ndani ya makombe ya konokono, *Neolamprologus multifasciatus*, huzaa vitoto vya milimita chache, na mbuna, samaki wa Ziwa Nyasa wanaolea vitoto mdomoni, wanapovitema baadhi huvutwa na mkondo. Kwa bahati nzuri sampu si kaburi, wengi hukutwa humo wakiwa hai na wamenenepa, mradi kuna sponji kabla ya chumba cha pampu.

Vishawishi vya kuweka wavu laini juu ya meno ni vikubwa. Wavu laini huziba kwa siku chache, na meno yakiziba tangi linafurika. Ukitaka wavu, weka wenye matundu makubwa, na uuoshe kila siku unapolisha. La sivyo vumilia vitoto sampuni. Konokono wa matope, wale warefu wenye ncha kali, ni tatizo kubwa zaidi kwa sababu hupanda usiku na kuingia hadi ndani ya mrija. Wakizidi, wapunguze kwa kupunguza chakula.

Kelele za kugugumia zinaisha vipi?

Zinatoka kwenye bomba linaloshuka, maji na hewa vikigombea njia. Weka juu ya bomba la wima elbo au tii inayotazama chini, ili maji yaingie kutoka chini ya uso, na juu yake kofia yenye tundu dogo la hewa. Mtindo huu wafugaji wanaujua kwa jina la Durso. Ukubwa wa tundu unaupata kwa kujaribu: anza na milimita 3, ongeza hadi kelele ipungue.

Kuna njia isiyo na sifoni kabisa?

Ipo, na inanishangaza kwamba haitajwi vya kutosha: weka sampu juu ya tangi. Pampu ndogo ndani ya tangi inapandisha maji hadi kwenye beseni la plastiki lililo juu, lenye sponji na mawe ya kichujio, na maji yanarudi kwa uzito wake kupitia tundu la plastiki. Plastiki inatoboka kwa drili ya kawaida. Umeme ukikatika, beseni linabaki na maji yake hadi usawa wa tundu, na hakuna kinachofurika. Toboa tundu la pili juu zaidi, la akiba, likirudisha maji tangini ikiwa la kwanza litaziba.

Hutapata nafasi ya kuficha hita na vifaa kabatini, na beseni si pambo. Lakini kwa anayeishi ghorofani juu ya jirani, na umeme wa mgao, mimi ningemshauri hili kwanza.

Nijaribu nini kabla ya kuamini?

Fanya haya mchana, ukiwa nyumbani, na taulo karibu. Zima pampu na usubiri hadi maji yatulie kabisa, kisha tazama kama sampu bado ina nafasi. Washa, na uone kama mrija unaanza wenyewe. Rudia mara kadhaa, mara nyingine ukiacha imezima saa nzima, mara nyingine sekunde tano, maana umeme wa kukatika na kurudi papo hapo unasumbua kuliko ule unaokatika moja kwa moja. Mwisho, ondoa mrija wa U kwa makusudi huku pampu inafanya kazi, na usimame hapo uangalie tangi la juu likipanda hadi pampu inyonye hewa. Likifika ukingoni kabla ya hapo, punguza maji ya chumba cha pampu na urudie.

Jaribio hili la mwisho watu hulikwepa kwa sababu linatisha. Ni afadhali ulione leo ukiwa umesimama mbele yake.

Soketi na nyaya nizipange vipi?

Kiunganishi cha soketi kisilale sakafuni wala kabatini chini ya sampu. Kifunge ukutani, juu ya usawa wa maji. Kila waya ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone linalofuata waya lidondoke chini badala ya kuingia ndani. Tumia breka inayokata umeme unapovuja ardhini, na uzime vifaa vyote kabla ya kuingiza mkono majini.

Nisafishe kila baada ya muda gani, na nikisafiri?

Meno, kila wiki. Mrija wa U na tundu la bomba la kurudishia, kila mwezi, kwa brashi ndefu ya chupa; usitumie sabuni. Ukisafiri kwa wiki moja au mbili, safisha vyote siku tatu kabla ya kuondoka na si siku ya safari, ili kama kuna kitu hukukirudisha sawasawa kikutane nawe ukiwa bado nyumbani. Mwachie anayebaki maelekezo mawili tu: mstari wa sampu uko wapi, na waya wa pampu ya kuchomoa ni upi. Waya huo ufunge utepe mwekundu.